Jina Lisiloandikwa: Minara ya Askari, Wapagazi wa Vita Kuu na Swala la Kumbukumbu katika Afrika ya Mashariki

Utangulizi

Lugha ya Kiswahili hutofautisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa na waandishi wa historia. Kutokana na kitenzi kumbuka twapata nomino kumbukumbu, yaani yale yaliyobaki akilini mwa mtu au mwa watu. Kutokana na kauli ya kusababisha ya kitenzi hicho hicho, yaani kumbusha, twapata ukumbusho. Kauli hiyo inadai watu wawili: yuko anayekumbusha na yuko anayekumbushwa. Kumbukumbu yaweza kukaa kimya moyoni mwa mjane kijijini pasipo idhini ya mtu yeyote. Ukumbusho hauwezi. Wahitaji fedha, kiwanja na fundi, na zaidi ya hayo wahitaji mwenye mamlaka ya kuamua kwamba jambo hili likumbukwe na lile liachwe. Kwa hiyo kila tukutanapo na sanamu au mnara uwanjani, swali la kwanza la mwanahistoria lapasa kuwa swali la sarufi: nani anamkumbusha nani, na anamkumbusha nini?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuitazama minara mitatu iliyosimamishwa na serikali ya Kiingereza katika miji ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam kwenye miaka ya 1927 na 1928, kwa ajili ya Waafrika waliotumika katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Dai letu ni kwamba minara hiyo iliahidi jambo moja na ikatenda jingine. Iliahidi kuwa jina la aliyekufa litakumbukwa, nayo yenyewe haikuandika jina la marehemu hata mmoja. Pengo hilo lilitokana na uamuzi wa utawala, wala si upungufu wa fundi. Tena tutajaribu kuonyesha kwamba sehemu ya kazi iliyoachwa na jiwe ilichukuliwa na lugha, ingawa lugha nayo haikuweza kuimaliza.

Ukumbusho kabla ya sanamu za Wazungu

Haifai kudhani kwamba sanaa ya ukumbusho ililetwa katika nchi zetu na wakoloni. Tangu zamani wenyeji wa pwani walijenga makaburi ya nguzo ambayo mabaki yake yaonekana hata leo Malindi, Gedi, Takwa, Kaole na Kunduchi. Pale Gedi lipo kaburi lililoandikwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 Baada ya Kristo. Mafundi walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na katika baadhi ya makaburi hayo walipachika bakuli na sahani za kauri zilizoletwa kutoka Uchina. Kaburi la namna hiyo lilikuwa na maneno mawili kwa mpita njia. La kwanza lilikuwa la dini, kwamba kila nafsi itaonja mauti. La pili lilikuwa la siasa: ukoo wa marehemu huyu una mali, una biashara ya ng'ambo, na una haki katika mji huu.

Basi hata hapo jiwe halikuwa la watu wote. Muungwana alijengewa nguzo, ilhali mtumwa aliyeyavunja matumbawe na kuichoma chokaa alizikwa bila alama. Twalitaja jambo hili mapema ili tusije tukaonekana kudai kwamba ubaguzi katika ukumbusho ulianza na Wazungu. Lakini twalitaja pia kwa sababu nyingine ambayo msomaji ataihitaji baadaye: zaidi ya karne tano kabla ya Vita Kuu, watu wa nchi hizi walijua vyema maana ya kuandika juu ya kaburi.

Pamoja na jiwe palikuwa na utenzi. Mtunzi wa utenzi wa zamani alikuwa na desturi ya kujitaja mwenyewe na nasaba yake mwishoni, na mara nyingi kutaja tarehe. Utenzi ulikuwa mnara wa maneno, nao ulikuwa na faida mbili ambazo jiwe halina. Waweza kuchukuliwa mahali popote, na waweza kuwataja watu wengi.

Wissmann na askari aliye miguuni

Mfano wa mvutano kati ya minara ya aina hizo mbili twaupata katika historia ya Mrima. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka dhidi ya kampuni ya Wadachi, na miongoni mwa viongozi wao alikuwa Abushiri bin Salim. Serikali ya Udachi ikamtuma Hermann von Wissmann pamoja na jeshi lililokuwa na askari wengi Waafrika wa kukodiwa. Abushiri alikamatwa akanyongwa Pangani mnamo Desemba 1889. Mambo hayo yaliingia katika utenzi wa Hemedi bin Abdallah juu ya vita vya Wadachi kuitwaa Mrima, na kwa njia hiyo majina ya watu walioshindwa yakapata mahali pa kukaa.

Wadachi nao walijenga ukumbusho wao. Mwaka 1909 sanamu ya Wissmann ilisimamishwa Dar es Salaam. Mzungu amesimama juu, mkono wake kwenye upanga. Chini yake, penye kitako cha mawe, yuko askari wa Kiafrika anayeiinamisha bendera juu ya simba aliyeuawa, huku uso wake ukimtazama bwana wake. Sanamu nzima ni sentensi moja iliyo wazi. Mtenda ana jina. Mtendwa ni mnyama. Askari, aliyeifanya kazi yenyewe ya kupigana, hana jina, naye amewekwa pale ili tujue ni wapi pa kutazama.

Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, sanamu hiyo iliondolewa ikapelekwa ng'ambo. Mwaka 1922 ilisimamishwa upya mbele ya chuo kikuu cha Hamburg, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na koloni tena. Huko iliendelea kuwakumbusha Wadachi himaya iliyopotea, mpaka wanafunzi walipoiangusha mwaka 1967, na baada ya kurudishwa wakaiangusha tena mwaka 1968. Haikusimamishwa tena.

Wapagazi

Ili kuielewa minara ya Waingereza yatubidi kwanza tueleze ni watu gani iliyowahusu. Katika Afrika ya Mashariki vita kati ya Waingereza na Wadachi vilipiganwa penye mbung'o wengi waliowaua farasi, ng'ombe na nyumbu, na penye barabara chache ambazo wakati wa masika ziligeuka matope. Palipoishia reli, jeshi liliendelea kwa vichwa na mabega ya watu. Mpagazi alitwikwa mzigo wa ratili 50 hivi. Tukikadiria posho yake kuwa ratili 2 kwa siku, twaona kwamba mtu aliyetumwa mwendo wa siku 12 kwenda na 12 kurudi angekula karibu mzigo wake wote, asifikishe kitu. Kwa hiyo kila jeshi lilivyosonga mbele ndivyo wapagazi walivyozidi kuhitajika, tena ili kuwalisha wapagazi wenzao. Hesabu hiyo ndiyo iliyowameza watu.

Kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, kiliundwa mwaka 1914 chini ya Oscar Watkins. Mwanzoni wengine waliandikishwa kwa hiari. Kufikia mwaka 1917, vita vilipoingia kusini mwa koloni la Wadachi, serikali ilikusanya wanaume kwa nguvu kupitia kwa machifu, na kazi hiyo katika koloni la Kenya ilisimamiwa na John Ainsworth. Kwa jumla wapagazi waliotumikia upande wa Waingereza hukadiriwa kuwa watu wapatao milioni moja. Hesabu za serikali zilitaja vifo zaidi ya 40,000. Wanahistoria waliozichunguza baadaye wamekisia kwamba waliokufa walikaribia 100,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na tumbo la kuhara damu, malaria na kichomi, na unga ambao watu waliozoea vyakula vingine hawakuweza kuumeng'enya, hasa ulipopikwa kwa haraka njiani.

Wale waliochukuliwa na jeshi la Wadachi chini ya Lettow-Vorbeck waliteseka vivyo hivyo, nao wengi wao walikuwa watu wa Tanganyika. Yafaa tuwakumbuke hapa, kwa sababu tutakapofika kwenye mnara wa Dar es Salaam hatutawakuta.

Kanuni ya majina na waliotengwa nayo

Mwaka 1917 Waingereza waliunda tume ya kuyatunza makaburi ya vita katika dola yao yote. Tume hiyo ilijiwekea kanuni ambayo kwa wakati wake ilikuwa mpya kabisa. Zamani jemadari ndiye aliyejengewa sanamu, na askari wa chini alitupwa shimoni pamoja na wenzake. Sasa, kwa mujibu wa taarifa iliyoandikwa na Frederic Kenyon mwaka 1918, kila aliyekufa angekumbukwa kwa jina lake, na mawe ya makaburi yangekuwa sawa bila kujali cheo. Kwa mara ya kwanza mtoto wa mkulima na mtoto wa tajiri wangelala chini ya mawe ya kipimo kimoja.

Kanuni hiyo haikufika kwetu. Katika Afrika ya Mashariki Wazungu walipewa mawe yenye majina. Kwa upande wa Waafrika iliamuliwa kwamba makaburi yao yaachwe yarudi porini, na badala ya jiwe la kila mmoja pawe na minara michache ya jumla mijini. Maofisa walitoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba Mwafrika hakuwa amefikia hatua ya kufahamu thamani ya jiwe la kaburi. Ya pili ni kwamba kumbukumbu za majina hazikutosha.

Hoja ya kwanza inajibiwa na nguzo za Gedi na Malindi. Maofisa hao walitawala pwani ambayo makaburi yake yalikuwa na maandishi tangu karne ya 14. Na hata mbali na pwani, penye watu ambao hawakujenga kwa mawe, jina la marehemu lilikuwa na mahali pake: mjukuu alipewa jina la babu, na kwa njia hiyo jina lilirudi nyumbani likaitikia tena. Kusema kwamba watu wa namna hiyo hawakujali majina ya wafu wao ni kukiri kwamba hawakuulizwa.

Hoja ya pili yafaa kupimwa kwa kuitazama kazi ya serikali yenyewe katika miaka iyo hiyo. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa Kenya mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa kwenye miaka ya 1919 na 1920. Kila mwanamume alichukuliwa alama za vidole, akaandikwa jina lake, kabila lake na mwajiri wake, na karatasi hiyo, yaani kipande, akalazimishwa kuivaa shingoni ndani ya kasha la chuma. Wapagazi nao walikuwa wameandikwa katika madaftari na kupewa namba, maana bila hivyo wasingeweza kulipwa. Tena baada ya vita palizuka mjadala mrefu juu ya mishahara ya waliokufa ambayo haikuwa imechukuliwa na warithi, mjadala uliozungushwa katika maofisi kwa miaka mingi. Deni haliwezi kuhesabiwa bila daftari. Twaona basi kwamba serikali ile ile iliyoweza kumpa jina na namba kila mtu aliye hai, ili imwajiri na kumtoza kodi, ilishindwa kumpa jina aliyekufa. Aliye hai alikuwa mkono wa kazi. Aliyekufa alikuwa amekwisha kutumika.

Maandishi juu ya minara

Minara yenyewe ni kazi nzuri ya uchongaji, wala hatuna sababu ya kuidharau. Aliyeichonga ni Mwingereza James Alexander Stevenson. Ule wa Dar es Salaam una askari mmoja wa shaba, amesonga mbele na bunduki yenye singe, akielekea bandarini. Ule wa Nairobi una watu watatu, mpagazi akiwa miongoni mwao. Tukiilinganisha na sanamu ya Wissmann, twaona mabadiliko makubwa: askari aliyekuwa chini amepanda juu, na hakuna Mzungu wa kumtazama. Kwa macho ya miaka ile jambo hilo halikuwa dogo.

Hata hivyo msomaji wa lugha hawezi kuridhika na sura pekee. Maandishi yaliyo kwenye vitako yametolewa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili kimeandikwa kwa hati za namna mbili, yaani Kiarabu na Kilatini. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, ambaye alikuwa mshauri wa tume ya makaburi. Yanawataja askari wenyeji, kisha wapagazi ambao huitwa miguu na mikono ya jeshi, kisha wengine wote waliotumika wakafa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao. Mwishoni inakuja ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako.

Hapa pana mambo manne ya kuangaliwa. Kwanza, sitiari ya miguu na mikono. Kiungo cha mwili ni cha lazima, lakini hakina jina. Mwenye jina ni mwili, na kichwa ndicho kinachosema. Sitiari hiyo inasifu na papo hapo inaweka mpaka. Pili, nchi yao na mfalme wao. Kwa mtu aliyeshikwa usiku na askari wa chifu akafungwa kamba mpaka kambini, viwakilishi hivyo vya kumiliki vina uzito wa ajabu. Na kwa Dar es Salaam tatizo lazidi, maana wengi wa watu wa nchi ile waliokufa walikuwa upande wa pili wa vita, na mnara hauwatambui kabisa. Tatu, sentensi ya mwisho iko katika nafsi ya pili. Haisemi na wafu, kwa kuwa wafu hawawezi tena kupigana. Inasema na kijana anayepita njiani. Ni wito wa vita vingine, na kweli mwaka 1939 wito huo ulitolewa. Wana wa wapagazi wakaenda Uhabeshi, na mwaka 1944 wakapigana Burma.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote. Ahadi ya kulikumbuka jina imewekwa juu ya wana wa marehemu. Serikali iliyomchukua mtu, ikamwandika, ikamtwika na kumzika, imekabidhi kazi ya kumkumbuka kwa watoto wake, ambao hawakuambiwa amezikwa wapi.

Yatupasa kuuliza pia kwa nini Kiswahili. Miaka ya minara hii ndiyo miaka ya kusanifishwa kwa lugha yetu. Mwaka 1925 palifanyika Dar es Salaam mkutano wa elimu ulioshughulikia swala la lugha. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukaichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki. Kiswahili kilikuwa kimekuwa lugha ya amri jeshini na makambini, ambako watu wa makabila mengi walikutana kwa mara ya kwanza. Basi minara ni miongoni mwa matangazo ya awali ya serikali yaliyochongwa kwa kudumu katika lugha hiyo. Hati ya Kiarabu ilimhusu msomaji wa pwani aliyesoma chuoni. Hati ya Kilatini ilimhusu mwanafunzi wa misheni wa bara. Kiswahili kilipewa heshima ya kuandikwa jiweni, lakini kilipewa heshima hiyo ili kilete ujumbe uliokwisha kutungwa mahali pengine. Wataalamu wa lugha hatuna budi kuikumbuka hali hiyo tunapoisifu historia ya usanifishaji.

Baada ya uhuru

Uhuru ulipofika, viwanja vya Nairobi vilibadilika. Sanamu ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, iliondolewa, na njia kuu iliyokuwa na jina lake ikaitwa Kenyatta Avenue. Mwaka 1973 sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta aliyeketi ilisimamishwa katika uwanja wa jumba la mikutano. Mchongaji wake alikuwa Mwingereza, James Butler. Mwaka 1988 ulijengwa mnara wa Nyayo kuadhimisha miaka kumi ya utawala wa Rais Moi. Dedan Kimathi, aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957, alingoja miaka 50 kamili: sanamu yake ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka michache baada ya marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau kufutwa mwaka 2003.

Katika mabadiliko hayo yote mnara wa Nairobi wa askari na wapagazi haukuguswa, hali kadhalika wa Mombasa na wa Dar es Salaam. Sababu yake si ngumu kuiona. Mtu wa mjini aliona sura ya Mwafrika imesimama wima, akaikubali kama ya kwake bila kuyasoma maneno ya chini. Lakini yatupasa kuuliza kama serikali huru ziliibadilisha sarufi ya ukumbusho au zilibadilisha nomino tu. Kiongozi aliendelea kuwa na jina na sanamu. Umma uliendelea kusimama miguuni pake bila jina, ukiitwa wananchi.

Kuna kazi moja inayotufundisha kwamba kutotaja jina kwaweza pia kuwa heshima. Ukumbusho wa Mau Mau uliozinduliwa Uhuru Park mwaka 2015, kufuatia mapatano ya mwaka 2013 kati ya wazee walioteswa na serikali ya Uingereza, waonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, na wawili hao hawatazamani. Walificha nyuso ili mmoja akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Hapo kukosa jina kulikuwa silaha ya wenyewe, walioichagua. Mpagazi hakuchagua. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya: swali ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya jina.

Kariakoo

Sasa tugeukie mnara ambao haukujengwa na mtu. Watu walilichukua jina Carrier Corps wakalifinyanga. Herufi mbili za mwisho za neno la pili hazitamkwi katika Kiingereza, nayo irabu yake ndefu ikawa silabi mbili za Kiswahili, ko-o. Neno la kwanza likawa karia. Kwa kuunganishwa pasipo kiunganishi likapatikana Kariakoo. Dar es Salaam limeandikwa kama linavyotamkwa. Nairobi vibao vya serikali huandika Kariokor, vikibakiza alama ya Kiingereza ambayo ulimi wa mwenyeji umekwisha kuitupa.

Maana ya neno hilo imesafiri. Kwanza lilikuwa jina la kikosi cha watu. Kisha likawa jina la kambi walimokaa, kisha la mtaa uliokua mahali pa kambi, kisha la soko. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, lililochorwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilijulikana katika nchi nzima hata kabla ya kuungua Julai 2021, na leo shabiki wa mpira akisikia Kariakoo hufikiri Simba na Yanga. Mamilioni ya watu hulitamka jina la kikosi cha wapagazi kila siku, jambo ambalo shaba ya Stevenson haikuweza kulipata.

Wengine wanaweza kutoka hapa na kusema kwamba lugha imelishinda jiwe, na mambo yakaishia hapo. Hatuwezi kukubali kwa urahisi hivyo. Neno Kariakoo limehifadhi kuwapo kwa watu wale, lakini halikuhifadhi mtu hata mmoja wao. Na kila maana mpya ilivyoongezeka, ndivyo maana ya kwanza ilivyofunikwa. Anayenunua nguo Kariakoo hakumbuki mzigo wa ratili 50. Neno limekuwa kama kaburi la nguzo ambalo maandishi yake yamelika: laonyesha kwamba amelala mtu, lisiseme ni nani. Kulifukua ni kazi ya usomi, tena ni kazi ya idara kama zetu kabla haijawa ya mtu mwingine.

Hitimisho

Aprili 2021 tume ya Waingereza ya makaburi ya vita ilitoa taarifa juu ya ubaguzi katika kazi yake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi, na serikali ya Uingereza ikafanya hivyo bungeni. Januari 2025 ulizinduliwa Cape Town ukumbusho wa wafanyakazi wa jeshi Waafrika wa Afrika ya Kusini waliokufa katika vita vile barani Afrika. Majina zaidi ya 1,700 yameandikwa, kila moja juu ya nguzo yake ya mti. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba majina hayapatikani imeanguka, angalau mahali pamoja.

Kwetu kazi ni kubwa zaidi kwa sababu waliokufa ni wengi zaidi na madaftari yametawanyika. Lakini daftari si hazina pekee. Zipo familia ambazo husimulia juu ya babu aliyekwenda Kariakoo asirudi. Zipo nyimbo za kazi na za ngoma, ikiwemo beni iliyoenezwa bara na watu waliorudi vitani. Yapo majina ya watu na ya mahali katika lugha zetu nyingi yaliyotokana na miaka ile. Wanafunzi wa idara zetu hurudi kwao kila likizo, wakijua lugha za nyumbani ambazo mtafiti wa ng'ambo hazijui. Kila mmoja akiandika jina moja, kijiji chake, na maneno ambayo msimulizi aliyatumia, basi katika muda wa miaka michache tutakuwa na daftari ambalo halikuandikwa kwa ajili ya kodi wala mshahara. Na itakapofika siku ya kuchonga, maneno yatungwe kwanza kwa Kiswahili na kwa lugha za marehemu wenyewe.

Minara ilisema kwamba wana watalikumbuka jina. Wana wa wapagazi wamekwisha kufa, na wajukuu wao waliobaki ni wazee wa miaka themanini na zaidi. Hao ndio wanaopasa kuulizwa, nao hawawezi kungoja tume nyingine iundwe.